Mlango Usioweza Kubembelezwa

Kabla sijakata waya wowote kwenye jengo jipya, kuna swali ninalomwuliza mwenye jengo, na ninangoja jibu hata kama ana haraka ya kuondoka: stima ikipotea, mlango huu ufunguke au ubaki umefungwa? Wengi hunitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Ubaki umefungwa, fundi, si ndiyo kazi tuliyokuitia? Lakini kufuli za umeme ziko za aina mbili, na lazima mtu achague. Kuna ya sumaku. Kipande kimoja kinakaa kwenye fremu, bamba la chuma linakaa kwenye mlango, umeme wa volti 12 unapita, na vipande hivyo vinashikana kwa nguvu ya kama kilo 280. Mwanamume mzima akivuta kwa mikono miwili, mlango hautikisiki. Umeme ukikatika, sumaku inakufa papo hapo na mlango unasukumika kwa kidole. Aina ya pili ina ulimi wa chuma ambao ni umeme unaourudisha nyuma. Stima ikipotea, hiyo inabaki imejifunga vilevile. Ya kwanza inatanguliza uhai wa aliye ndani, maana moto ukizuka anatoka. Ya pili inatanguliza mali.

Usiku wa Ijumaa ya 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima, simu yangu haikupumzika. Kwenye majengo ya sumaku, betri za akiba zilishikilia kwa saa kadhaa kisha zikaishiwa, mageti yakalegea, na masoja wakasimama na rungu mpaka asubuhi. Kwenye majengo ya ulimi, watu waliotoka kazini walikaa nje ya nyumba wanazolipia, wakinipigia.

Kwenye njia za kutokea mimi hufunga ya sumaku, pamoja na kitufe cha ndani na kile kisanduku cha kijani cha kuvunja, na kwa hilo sibishani na mtu. Nimeanza na ufundi kwa sababu umenifunza jambo ambalo mahubiri mengi huliruka: kila mlango ni uamuzi uliokatwa mapema juu ya watu ambao bado hawajafika. Mwenye jengo akishaniambia anachotaka, ninaunganisha waya, ninaondoka, na uamuzi wake unaendelea kutekelezwa usiku na mchana bila yeye kuufikiria tena. Sisi tunaosali, tunaopiga magoti tukiomba tufunguliwe, tukijenga milango ambayo haiwezi kuombwa, tunakuwa tumeamini nini hasa?

Kazi ya stima nimeifanya Eastlands, Nairobi, tangu nilipotoka chuo cha ufundi, nikianzia na soketi zilizoungua katika nyumba za kanjo. Siku hizi karibu kazi yote ni ya majumba mapya. Yapo Pangani, ambako nyumba za zamani za kanjo zilibomolewa na fleti zaidi ya 1,500 zikapandishwa mahali pake. Yapo kandokando ya Outering Road na Jogoo Road. Yapo hata ndani ya Buruburu, ile mitaa ya vigae vyekundu iliyoanza kujengwa mwaka 1973, pale mtu anaponunua nyumba, anaibomoa na kuinua ghorofa. Na kila mnunuzi anauliza vitu vilevile: geti linalosoma namba ya gari, lifti inayotaka kadi, mlango unaofunguka kwa uso au kidole, kengele yenye kamera inayolia kwenye simu yake hata akiwa Mombasa, taa zinazojiwasha jua likizama. Wakati huohuo mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki mtaani kwetu. Zamani kazi hizi mbili hazikugusana. Sasa zinakutana getini.

Sitaki mtu aseme ninayalilia maisha ya zamani. Nimelelewa mtaa wa Jericho. Maji yalipokuwa ya zamu, mama aliamka saa tisa usiku kungoja mfereji uanze kukohoa, na sisi watoto tulibeba mitungi kabla ya shule. Jengo jipya lina kisima, lina tangi juu ya paa, lina pampu inayojiwasha maji yakishuka. Huo ni wema, na kila nikifunga pampu ya aina hiyo ninahisi kama nimelipa sehemu ya deni la mama yangu. Lifti ni wema kwa mzee wa magoti mabovu. Kamera nayo ni wema. Mwulize mama yeyote wa Umoja anayeshuka matatu saa nne usiku. Wala ujirani wa milango wazi haukuwa mtakatifu kama tunavyousimulia kwenye matanga. Kuta zilikuwa nyembamba, kila mtu alimsikia mume wa jirani akimpiga mkewe, na wengi walisikia wakaongeza sauti ya redio.

Kwa hiyo sibishani na starehe. Ninabishana na kitu kimoja ndani yake, na nilikiona waziwazi siku ya Shosho, bibi mzee wa jumuiya yetu.

Jumuiya yetu husali kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Maaskofu wa kanda yetu chini ya umoja wao, AMECEA, waliazimia mwaka 1976 kwamba jumuiya hizi ziwe njia ya kulijenga Kanisa, watu wajuane kwa majina na kwa shida zao. Basi kila nyumba hupata zamu, iwe chumba kimoja cha mabati au fleti ya vyumba vitatu. Vijana wetu wawili, mume na mke, walihamia jengo jipya na wakaomba zamu yao kwa furaha. Walipika chapati na maharagwe. Walitutumia msimbo kwenye simu, ile picha ya vijiraba vyeusi, ili kila mmoja auonyeshe kwenye kamera ya geti. Tulipita mmoja mmoja, geti likilia tii na kufunguka, tii na kufunguka.

Shosho alikuja nyuma yetu, kwa kuwa hutembea polepole. Simu yake ni kabambe ya vitufe, na picha hazifiki humo. Kitambulisho alikuwa amekiacha nyumbani. Soja wa zamu alikuwa kijana wa Kayole anayemfahamu vizuri, wamesalimiana miaka. "Shosho, nisamehe," akamwambia. "Mfumo ukikataa, hata mimi siwezi kufungua." Na alisema kweli. Waliofunga mfumo ule walikiondoa kitufe cha soja kwa makusudi, asije akaingiza mtu kwa hiari yake. Akapiga simu ya mwenyeji wetu, lakini ilikuwa imewekwa kimya kwa ajili ya sala. Tulikuwa ghorofa ya saba, tumeshafika kwenye maombi ya waamini, tukiwaombea wagonjwa na wasafiri, tukidhani Shosho ameamka vibaya.

Aliketi kwenye jiwe la ukingo wa barabara, karibu na kibanda cha mama mboga, ambaye alimpa kikombe cha chai. Kiondo chake kilikuwa na ndizi mbivu za mwenyeji, zimefunikwa kwa leso. Tulimkuta palepale tukiondoka. Hakulalamika hata kidogo. Alimpa yule mke kijana ndizi zake, akamshika mikono miwili, akaibariki nyumba akiwa nje ya geti. Kijana wa watu alilia.

Watu waliniambia ni hitilafu ndogo: mnunulieni Shosho simu nzuri, yaishe. Simu tunaweza kumchangia. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikirudi kwenye Luka sura ya 10, kwa yule msafiri wa njia ya Yeriko, na ninakiona kitu ambacho sikuzoea kukiona. Wanyang'anyi walimvua nguo na kumwacha nusu mfu. Katika nchi ile mtu alitambuliwa kwa mavazi na kwa lafudhi ya mdomo wake. Huyu hakuwa na nguo, na hakuweza kusema. Hakuna aliyejua kama ni Myahudi au ni mgeni, tajiri au maskini, wa ukoo gani. Alikuwa mtu asiye na kitambulisho cha aina yoyote, na Yesu alimweka huyo katikati ya mfano wake. Mwanasheria aliyemwuliza Yesu alitaka kujua jirani yangu ni nani, yaani nionyeshe orodha. Msamaria hakuuliza orodha. Aliona kilichompata mtu, akatenda.

Geti la kisasa, hata liwe bora vipi, linajua swali moja tu: wewe ni nani? Halijui kuuliza umepatwa na nini. Na mtu akivuliwa kila kitu njiani usiku, simu ikaenda, kipochi kikaenda, mambo ambayo kwetu Eastlands si ya kwenye Biblia peke yake, basi saa anayohitaji mlango kuliko wakati wowote ndiyo saa ambayo geti halimjui.

Angalia pia ile nyumba ya wageni. Msamaria alimfikisha majeruhi pale, akatoa dinari mbili, akasema gharama ikizidi atalipa akirudi. Mwenye nyumba alimpokea mtu asiyemjua kwa dhamana ya mtu mwingine. Kumbe dhamana si jambo la kudharau, na msimbo ule tuliotumiwa ulikuwa wa namna hiyo: mwenyeji anasema, huyu ni wangu, mpitisheni. Ninachokikosa ni mtu wa kuipokea dhamana inapokuja kwa njia nyingine. Soja alimjua Shosho. Alikuwa tayari kusema, huyu namdhamini mimi. Tulikuwa tumemnyima kinywa.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote, kwa imani yangu. Sura inayofuata ya Luka ina hadithi ya rafiki wa usiku wa manane, anayekuja kuomba mikate mitatu kwa ajili ya mgeni aliyemfikia ghafla. Aliye ndani anamwambia asimsumbue: mlango umeshafungwa, watoto wamelala naye. Hata hivyo anaamka na kumpa, si kwa urafiki bali kwa sababu yule wa nje hakuchoka kuomba. Sura ya 18 ina mjane anayemchosha kadhi mpaka haki yake ikatoka. Na mwanzoni mwa Biblia, Ibrahimu anasimama mbele ya Mungu kuuombea Sodoma, akishusha hesabu kutoka hamsini mpaka kumi kama anayepatana bei sokoni. Katika zote hizo, sala ni kumsumbua mtu aliye nyuma ya mlango, na tumaini lote limejengwa juu ya hili, kwamba aliye nyuma ya mlango anaweza kusumbuliwa. Yule mwenye mikate alikuwa mvivu, kadhi alikuwa mbaya, lakini walikuwa watu, na mtu ana mahali pa kuguswa. Mfumo hauna. Unaweza kupiga kengele yenye kamera mara mia; simu ikiwa imewekwa kimya, mara ya mia si tofauti na mara ya kwanza. Kung'ang'ania hakuna kazi tena. Na mtoto anayekua akiona kwamba milango haiombwi, tutamfundisha vipi kuomba?

Mhandisi mmoja wa majengo, mtu mwema anayenipa kazi, aliniambia neno ambalo sikulijibu siku ileile. Alisema: "Fundi, mashine haili hongo." Soja anayeweza kubembelezwa anaweza pia kununuliwa. Soja humfungulia mwenye gari kubwa bila swali na kumhoji anayekuja kwa miguu. Huwaangalia vijana wa rasta kwa jicho baya. Humzuia mama wa kufua na kumwachia tapeli mwenye suti. Mashine haina upendeleo huo. Ni hoja nzito. Wengi wanaodharauliwa kwenye mageti ya Nairobi wangeona afadhali ya mashine, nami siwezi kuwalaumu.

Nimelifikiria sana jibu langu, nikiwa juu ya ngazi na bisibisi mkononi. Rehema na hongo zinaingia kwa tundu lilelile. Zote mbili zinahitaji mtu aliye na uwezo wa kusema, kanuni ni hii lakini leo nitafanya vingine. Ukiliziba tundu ili hongo isipite, umeiziba na rehema, na hakuna fundi atakayekuchorea waya unaopitisha moja na kuizuia nyingine. Hiyo ni kazi ya dhamiri, na dhamiri hulelewa. Inamaanisha kumlipa soja mshahara wa kumtosha, kujua jina lake, kumwandikia makosa yake na kumtetea anapotenda mema. Ni kazi ngumu na ya gharama kuliko kufunga kamera, na ndiyo sababu tunaikimbia.

Sisi wa Eastlands tuna kumbukumbu ya geti lisilosikia. Mitaa yetu ya zamani ilijengwa na serikali ya kikoloni ili Mwafrika akae mahali panapojulikana. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati uleule kipande, kitambulisho alichowekewa mwanamume Mwafrika, kilipokuwa kinaanza kuvaliwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Baba yangu alikuwa kijana Bahati tarehe 24 Aprili 1954, siku askari walipouzunguka mji katika Operesheni Anvil dhidi ya Mau Mau. Wanaume wa Kikuyu, Waembu na Wameru walipangwa mistari na kupitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho tu. Hao wa gunia waliitwa gakunia. Kichwa kikiinama hivi, unapita. Kikiinama vile, unapandishwa lori kwenda Lang'ata na baadaye Manyani au Mackinnon Road. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa. Baba alizungumza kidogo sana juu ya siku hiyo, lakini kuna jambo alilokuwa akilirudia. Hakusema kipigo ndicho kilichomtisha. Alisema hukuweza kumwambia kitu yule wa gunia. Hakuwa na uso wa kuutazama, na alichokiamua hakikuwa na mahali pa kukatiwa rufaa.

Sisemi kamera ya fleti ni gakunia. Nazifunga kwa mikono yangu na najua nia za wanaozinunua ni njema. Ninasema tu kwamba wajukuu wa watu waliopitia mistari ile wanapaswa kuwa wa kwanza kuuliza: huyu anayenitambua, nitaongea na nani akikosea?

Na hukosea. Mashine za vidole nimezifunga nyingi kiasi cha kujua zinawakataa akina nani. Haziwakatai wahasibu. Zinamkataa mwashi ambaye saruji imemla ngozi, mchonga mawe wa Ndarugo, mama wa kufua ambaye sabuni na kamba vimemlainisha ncha za vidole mpaka mistari imefutika. Namwona mtu aliyeyapanga mawe ya jengo hilo akibonyeza kioo mara ya kwanza, anajifuta kwenye suruali, anabonyeza tena, anapuliza kidole, anabonyeza tena, taa nyekundu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeziweka alama za vidole na sura kwenye kundi la habari nyeti, na ni vizuri. Inalinda alama zisitumiwe vibaya. Lakini kwa mtu ambaye kazi imemfuta alama, sheria haina la kusema. Mimi humtafutia kadi au namba ya siri, na kila mara namweleza msimamizi mbele yake kwamba kosa ni la mashine, mkono wake hauna kasoro.

Nina rafiki yangu mmoja, mzee Mwislamu wa Pumwani, familia yake ikiwa Majengo tangu enzi za babu. Nilimsimulia habari za Shosho nikitarajia aungane nami moja kwa moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unamlilia mgeni peke yake. Sisi tumefundishwa kumlinda na mwenye nyumba." Akanieleza mafundisho ya Sura An-Nur, aya ya 27 na ya 28: mtu asiingie nyumba isiyo yake mpaka aombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na akiambiwa arudi, basi arudi, na hilo ni safi zaidi kwake. Akaongeza ya hadithi za Mtume: ruhusa huombwa mara tatu, haizidi hapo. Na anayebisha asimame kando ya mlango, si mbele yake, jicho lisije likatangulia ndani kabla ya ruhusa. Nyumba ni sitara, akasema, na maskini anaihitaji sitara kuliko tajiri.

Ilinibidi nikubali kwamba nilikuwa nikisikia nusu ya jambo. Ana haki mwenye kufunga. Yule mzee akaendelea na kunigusa mahali pangu pa kazi: kamera ya mlangoni inayorekodi mlango wa jirani, nani kaingia kwake na saa ngapi, hiyo ni kuchungulia, hata kama hakuna anayeitazama. Siku hizi nikifunga kamera ya ukumbini huwa ninafungua programu yake, kuna sehemu ya kuchora kiraba cheusi juu ya picha, nakivuta mpaka kifunike mlango wa upande wa pili, kisha nambishia hodi jirani nimwonyeshe kwenye skrini kwamba mlango wake hauonekani. Inachukua dakika tano. Wateja wachache hulalamika, nami huwaambia kamera yako ilinde kwako.

Lakini kwenye jambo la Shosho mzee na mimi tulikutana. Nilimwuliza: huyo anayeambiwa arudi, anaambiwa na nani? Akanyamaza kidogo, akasema, na wenyewe. Anaombwa mtu, anajibu mtu. Kurudishwa na mwenye nyumba kuna adabu yake. Mmeongea, mmesalimiana, kesho mtaonana. Shosho hakurudishwa na yeyote. Mwenyeji alikuwa anamngoja kwa chapati.

Kuna jambo jingine la nyumba hizi ambalo sijalimaliza moyoni. Mzee mmoja mstaafu, akiishi peke yake ghorofa ya nne kwenye jengo ninalolihudumia, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Taa zake zilikuwa zimepangwa kujiwasha jioni na kujizima usiku, mwanawe aliye ng'ambo alimlipia. Basi zikawaka jioni ile na zikazima, na kesho yake zikawaka tena na zikazima, na majirani wa mkabala walipoona mwanga walijua mzee yupo salama. Aliyemwokoa ni mama wa kufua, aliyefika siku yake ya kawaida, akabisha, akabisha, akakataa kuondoka, akamwambia mtunza jengo kwamba mzee huyu hajawahi kunyamaza na lazima mlango ufunguliwe. Mzee alikutwa hai. Yupo hai mpaka leo, na amehamia kwa dada yake Kaloleni. Tulipozoea kuhitaji vitu vya jirani, chumvi, kiberiti, kamba ya kuanika, tulikuwa tunamkagua bila kujua. Nyumba iliyojitosheleza inatuondolea sababu ya kubisha, kwa hiyo sasa tunapaswa kubisha bila sababu. Kwenye jumuiya tumegawana ngazi za majengo mawili, kila mtu na milango yake, na mwanzoni watu walifungua wakidhani tumekuja kuchanga harambee.

Lile jengo la vijana wetu sasa linataka kuboresha geti na kamati imeniita. Sheria ya Milki za Sehemu ya mwaka 2020 inawapa wenye fleti shirika lao na uwezo wa kutunga kanuni za jengo, kwa hiyo mambo haya si ya mjenzi tena, ni yao. Niliwapelekea mapendekezo matatu. Soja arudishiwe kitufe chake, na kila akikibonyeza saa na sababu ziandikwe. Kila fleti iwe na kengele ya kawaida ya waya, inayolia ndani ya nyumba bila kutegemea simu ya mtu. Na pale nje pawekwe benchi na paa dogo, anayengoja asikae juani.

Benchi lilipita bila maneno. Kitufe kilileta mjadala mrefu, maana mweka hazina aliuliza soja akimwingiza mwizi nani atawajibika, nami nikajibu atawajibika yeye na ninyi mliomwajiri, kama ilivyo sasa kwa kila mnayemkabidhi funguo. Kengele ndiyo iliyogawanya kikao. Dada mmoja nesi, anayefanya kazi zamu za usiku, alisimama akasema yeye hulala mchana, na wahubiri, wachuuzi na watoto wakipewa kengele hatalala tena. Alisema kwa machungu na alikuwa na haki kamili. Nilimwonyesha kwenye mchoro kwamba kila fleti itakuwa na swichi yake ya kuizima, karibu na kitanda akitaka, ya kubonyezwa kwa mkono wake mwenyewe anapolala na kuwashwa anapoamka. Akauliza kwa nini isijizime yenyewe saa fulani kila siku. Nikamwambia inawezekana, kifaa chake ni cha bei ndogo, ila ningependa azime yeye, ili kila siku awe ameamua. Hajakubali. Ameniomba nimletee bei za aina zote mbili.

Waya wa kengele nimeshaupitisha kwenye mabomba ya ukutani mpaka ghorofa ya saba, kwa kuwa nilikuwa huko juu na kazi ya taa za ngazi. Haujaunganishwa na kitu. Wenye fleti watapiga kura kwenye mkutano wao mkuu, na yule mke kijana ameomba nafasi ya kusema kabla ya kura, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya watu.